Damu ya Kila Jumatatu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Daktari wa tumbo aliniambia karatasi moja ingetosha. Anakwenda masomoni wiki nane, akataka kila Jumatatu nimtoe damu mdogo wangu, nipime, niandike, ili akirudi tutazame namba zinapanda au zinashuka. Lakini najijua. Nikishika kalamu siishii kwenye namba, kwa hiyo nimenunua daftari la kurasa mia mbili.

Mdogo wangu ana ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, mwaka wa tatu sasa. Ni ugonjwa wa kulala na kuamka. Ukiamka, anaharisha damu na kukonda. Ukilala, anakula vizuri na kupiga soga mpaka majirani wanafunga madirisha. Nyumbani tunamwita Kasuku tangu ana miaka minne, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Anafundisha hesabu, na mwaka huu amepewa darasa la mtihani. Mumewe ni seremala. Nyumba yao na yangu ziko ndani ya ua mmoja: bomba moja, kamba moja ya nguo, choo kimoja.

Nimemtoa damu jikoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaenda shule. Vichupa nikavitia mkobani nikaenda navyo kazini. Ukutani pale maabara ya hospitali kuna karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu miaka sita iliyopita, siku nilipopewa usimamizi: NDUGU WA MFANYAKAZI, MWISHO. Kabla ya hapo kila mwenye shangazi alikuwa anampitishia mlango wa nyuma, na watu waliotoka mbali wanakaa kwenye benchi mpaka jioni. Nilikomesha. Basi damu ya Kasuku nayo ikasubiri watu wote waishe, na nikaipima saa tisa alasiri.

Vipimo alivyotaka daktari ni viwili. Cha kwanza ni CRP, protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili ukiwa na uvimbe. Hicho hakipimiki kwa sasa, dawa za mashine zimekwisha na mzigo mpya umekwama barabarani. Cha pili ni ESR, na hicho ndicho changu. Unaisimamisha damu kwenye mrija mwembamba, unaiacha saa moja, halafu unasoma chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Ndani ya mwili kukiwa na moto, chembe zinashikana na kuzama haraka. Kukiwa shwari, zinajivuta. Kwa umri wa Kasuku, chini ya ishirini hakuna neno. Ukivuka thelathini, ushtuke. Wenye haraka huja dirishani kunibembeleza niwasomee kwenye dakika ya arobaini. Sijawahi. Ndiyo maana wananiita Bibi Saa Moja.

Kasuku amepata 11. Safi kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nguo zina siku tatu kwenye kamba.

Jumatatu, 11 Machi

ESR 13.

Asubuhi Kasuku alinyoosha mkono huku amejikunja. Anasema tumbo linamkata tangu Jumamosi na jana alikwenda choo mara tano. Nilimuuliza alikula nini. Akasema, "Nilikula ulichokula wewe, dada, tulikula sufuria moja." Nikamwambia tusubiri damu itasemaje, na damu imesema vizuri.

Leo nimegombana na mganga wa zahanati ya ng'ambo ya mto. Sampuli zake nne zilitolewa saa mbili asubuhi zikanifikia saa nane mchana. Nikazigonga muhuri: SAMPULI IMECHELEWA. Akapiga simu, anafoka. Mto umejaa, gari limezunguka, wagonjwa wake wameshatobolewa mikono, leo anawaambia nini? Nikamjibu kwa adabu zote, "Mganga, mvua naiona hata mimi. Lakini damu ya ESR ikizidi muda wa saa nne tangu itolewe imechoka. Chembe hazishikani tena, itasoma chini, na mgonjwa wako utamwambia mzima kumbe anaumwa." Akakata simu. Mzee wa Darubini, mwenzangu wa miaka kumi na tano ambaye hainui kichwa kwenye ile darubini hata kwa tetemeko, akasema nimemjibu vizuri.

Ijumaa, 15 Machi

Mlango wa choo cha uani umevimba kwa mvua, ukifunguliwa unakwaruza sakafu. Leo asubuhi umekwaruza mara tatu kabla sijamaliza kikombe changu cha chai. Nimemwomba shemeji aupige randa. Seremala hana mlango mzuri nyumbani kwake.

Jumatatu, 18 Machi

ESR 12.

Kasuku anataka apunguziwe vipindi. Mwalimu Mkuu amemwambia alete cheti cha hospitali, na daktari wake hayupo, basi akaniomba mimi nimwandikie majibu ya maabara. Jioni nilimpelekea. Nitaandika tulivyosema, maana maneno yale hayanitoki.

Aliisoma ile karatasi akaninyooshea kama anarudisha chenji. "Hii inasema mimi mzima."

"Inasema damu yako imetulia."

"Dada, mimi naumwa. Nimekonda. Navuja damu kila ninapokwenda choo."

"Kidogo au nyingi?"

"We unataka nipime kwa kikombe?"

Nikamwambia kwamba ugonjwa ukiamka, damu ndiyo ya kwanza kusema. Nikamwambia pia kwamba darasa la mtihani linamtia hofu, na hofu inashuka tumboni, kila mtu anajua. Halafu akasema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Hujafa bado, acha methali zako."

Karatasi aliichukua. Sikuandika uongo hata mmoja ndani yake.

Jumatano, 20 Machi

Shemeji amekuja kuupiga randa ule mlango, na alipomaliza akakaa kizingitini kwangu. Ni mtu mwema, mpole, anapenda kitu kinachopimika. Akaniuliza, "Shemeji, niambie ukweli. Majibu yake yakoje?" Nikamwambia yako vizuri wiki zote tatu. Akashusha pumzi. Anasema Kasuku anakataa chakula, analala mapema, nyumba imekuwa na ukimya ambao hajauzoea. "Sasa kama futi inasema ubao umenyooka," akasema, "mimi nani niseme umepinda?" Nilimsikia akimwambia Kasuku uani, kwa sauti ya kutia moyo, "Umesikia? Mtaalamu amesema huna tatizo."

Jumatatu, 25 Machi

ESR 14. Nimempima na wingi wa damu: 10.4, na kawaida huanzia kumi na mbili. Umeshuka, lakini alikuwa mwezini wiki iliyopita. Nimempa vidonge vya madini ya chuma.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kutwa. Kasuku hakuja kunywa chai kwangu.

Jumatatu, 1 Aprili

ESR 10, bora kuliko zote. Zahanati ya ng'ambo wameleta sampuli tano zenye umri wa saa saba. Nimezigonga muhuri zote tano, na safari hii mganga hakupiga hata simu.

Kasuku amenipa mkono. Mpira wa kufungia mkono zamani ulizunguka mara moja, leo umezunguka na mkia ukabaki. Nimeona. Naandika hapa kwamba nimeona, na nikajiambia mvua hii imetukondesha wote.

Alhamisi, 4 Aprili

Kasuku amepewa barua ya onyo.

Shemeji ndiye aliyeileta kwangu, imelowa pembeni. Mwalimu Mkuu anaandika kwamba mwalimu ametoka darasani mara sita ndani ya siku moja, kwamba wanafunzi wa mtihani wanabaki wanapiga kelele, na kwamba "cheti cha maabara alichowasilisha kinaonyesha afya yake ni njema." Cheti changu, na sahihi yangu chini.

Tulikaa watatu sebuleni. Shemeji alisema kwa upole kwamba kazi ikipotea nyumba itayumba. Mimi nilisema zaidi ya alivyosema yeye. Nilisema kuna watu huumwa na wasiwasi na si dhambi, lakini ni lazima mtu akubali. Nilisema kuna daktari wa mambo ya akili hospitalini, anasikiliza vizuri. Nilisema namba haina chuki na mtu.

Kasuku alisimama. Alishika mgongo wa kiti kwanza, kisha akasema, "Kuanzia leo sisemi tena kwamba naumwa. Mkitaka kujua habari zangu, iulizeni damu." Akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Shemeji akaniangalia kama mtoto aliyevunja kitu. Nikamwambia atapoa.

Jumatatu, 8 Aprili

ESR 12. Nilipochomoa sindano Kasuku aliniambia "asante", kama mtu wa dirishani.

Jumamosi, 13 Aprili

Mlango ulipigwa randa lakini umevimba tena. Umekwaruza mara saba kati ya chai na chakula cha mchana. Nilijiambia huenda mara nyingine ni shemeji. Shemeji alikuwa karakana tangu asubuhi.

Jumatatu, 15 Aprili

Hati yangu leo ni mbaya. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini.

Asubuhi nilimtoa damu saa kumi na mbili kama kawaida. Nilimfuata kitandani kwake, maana shemeji alisema miguu yake mizito. Hata hivyo alivaa akaenda shule, na mimi nikaenda kazini. Saa tisa alasiri nilikuwa namaliza foleni, nikashika kichupa chake, na mlango ukafunguliwa akaingia mtu aliyelowa mpaka kiunoni, amekumbatia sanduku la barafu kama mtoto mchanga. Ni mganga wa zahanati ya ng'ambo. Sikuwahi kumwona, namjua kwa sauti tu. Kumbe ni mtu mdogo, mnyonge, mwenye mvi.

"Nimezileta mwenyewe," akasema. "Mto nimeuvuka kwa miguu. Saa tatu na dakika hamsini tangu zitolewe. Tazama lebo."

Nilitazama. Alikuwa ndani ya wakati, dakika kumi zimebaki. Nikamwambia naam, Mganga, nazipokea. Nikasogeza kichupa cha Kasuku ili nipate nafasi, na yeye akakitazama kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yake.

"Na hiki cha saa kumi na mbili?"

"Hicho ni cha ndugu yangu. Hupimwa mwisho."

"Saa kumi na mbili asubuhi mpaka sasa hivi," akasema, anahesabu kwa vidole, hana hata nia ya kuniumiza. "Saa tisa nzima. Kumbe damu ya huku haichoki?"

Mzee wa Darubini hakuinua kichwa. "Nyani haoni kundule," akasema polepole.

Nilifungua rejista. Safu ya saa ya kutolewa nimeijaza mwenyewe, safu ya saa ya kupimwa nimeijaza mwenyewe, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa mwandiko wangu mzuri: saa kumi na mbili, saa tisa. Kumi na mbili, tisa. Sampuli za watu nimezikataa kwa saa sita, kwa saa saba, nikiwahubiria simuni. Ya mdogo wangu nimeichelewesha kwa saa tisa kila wiki na kuiita haki. Nilitaka pasiwe na wa kusema nampendelea.

Nilimwachia Mzee kazi, nikatia vichupa vipya mfukoni nikakimbia shuleni. Si mbali, dakika kumi kwa miguu, lakini nilianguka mara moja kwenye tope. Kasuku alikuwa chumba cha walimu, amelazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, amefunikwa koti la mtu. Alikuwa ameanguka msalani saa nane. Hakuna aliyenipigia simu. Aliwakataza.

Nikapiga magoti nikamwomba mkono. Alifumbua jicho moja. "Si umeshachukua ya Jumatatu?"

"Naomba nyingine, mdogo wangu."

Alinipa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuuvuta. Mapigo yake yalikuwa mia na ishirini. Walimu wawili walitusaidia kumpandisha kwenye gari la shule, na kabla hajafikishwa wodini mimi nilikuwa nimeshaisimamisha damu yake. Dakika ishirini na tano tangu itoke mshipani. Nikakaa mbele ya ule mrija. Kwenye dakika ya kumi na tano ilikuwa imeshazama zaidi kuliko ilivyowahi kuzama kwa saa nzima. Mganga wa zahanati hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, nguo zinamchuruzika maji. Saa moja ilipotimia ilikuwa 68.

Wingi wa damu 7.1. CRP, ambayo dawa zake zimefika Ijumaa, 96. Nimelia maabara, mbele za watu.

Jumanne, 16 Aprili

Daktari wa wodi ni mwanamke kijana, anasema polepole ili usikie. Ametueleza mimi na shemeji. Kasuku ameongezewa damu, anapewa dawa ya steroidi, ya kutuliza uvimbe, kwa mshipa. Dawa hiyo tunaipa siku tatu. Siku ya tatu tutatazama mambo mawili: CRP, na idadi ya mara anazokwenda choo. CRP ikibaki juu ya arobaini na tano, au akiwa anakwenda zaidi ya mara nane kwa siku, maana yake dawa imeshindwa na tumwite daktari wa upasuaji autoe utumbo mpana kabla haujapasuka. Ukipasuka tumboni, hatujui kama tutamrudisha. Steroidi nayo ina hila yake, inaweza kuficha maumivu na homa huku ndani kunaharibika.

Kasuku anageukia ukutani nikiingia.

Shemeji aliniuliza kwenye korido, "Lakini Jumatatu zote zile ilikuwa nzuri. Imepandaje ghafla hivi?" Nilifungua mdomo. Nikamwambia ugonjwa huu una tabia hiyo. Ndilo nililosema. Nimeogopa, na ninaona aibu kuliko nilivyowahi kuona tangu kuzaliwa.

Jumatano, 17 Aprili

CRP 71. Inashuka. Nimekimbia ngazi kuipeleka. Bado sijasema.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku ya tatu.

CRP nimeipima mwenyewe alfajiri, damu ya dakika kumi: 38. Nilirudia, ikaja 38. Niliishika ile karatasi kama mtu aliyepata kiwanja. Wodini daktari aliisoma akatabasamu, akachukua chati ya muuguzi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Mara za kwenda choo tangu jana asubuhi: nne. Shemeji alisema alhamdulillahi, akakaa chini. Daktari akasema tunakwenda vizuri, tuendelee na dawa, tutazame tena Jumamosi.

"Tisa," akasema Kasuku.

Alisema akitazama dari. Daktari akainama. "Umesemaje, mama?"

"Nimekwenda tisa."

Muuguzi alisema chati ni nne. Kasuku akasema chati inaandika zile mara anazoomba msaada tu. Jana alipoomba mara ya nne, wa zamu alimwambia "wewe tena?", basi nyingine tano alijikokota mwenyewe mpaka mwisho wa korido, ameshika ukuta na ile chupa ya dripu. "Sikusema," akasema. "Niliacha kusema siku nyingi."

Shemeji alimshika mguu juu ya shuka. "Mke wangu, mashine imeonyesha nafuu. Labda umechanganya hesabu, na homa hii."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," akasema Kasuku. Halafu akafumba macho, kama ameshamaliza zamu yake.

Daktari alitazama chati, akatazama karatasi yangu, akatazama tumbo la Kasuku. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mpimaji na ndiye dada yake. Namba yako inaniambia ningoje. Wewe unaniambiaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema siri ile kwa shemeji peke yake, siku nzuri, baada ya chai. Nikasema pale pale, mbele ya muuguzi na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nikasema, "Daktari, wiki saba huyu ameniambia anaumwa na mimi nikamwonyesha karatasi. Karatasi zote zilikuwa mbovu. Nilikuwa naiacha damu yake kwa saa tisa kabla ya kuipima, ili nionekane sipendelei ndugu. Nimempa mume wake namba mbovu, nimempa mwalimu wake namba mbovu. Yeye alikuwa anasema kweli tangu wiki ya pili. Hii ya leo ni namba nzuri, naapa, lakini akisema tisa ni tisa. Andika tisa."

Shemeji aliutoa mkono wake kwenye ule mguu, akaurudisha. Daktari akakata ile nne kwa mstari mmoja, akaandika 9, akaanza kumpapasa tumbo. Alipapasa muda mrefu. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu kuliko jana. Akaomba picha ya eksirei ya haraka, na picha ilipotoka akaiinua dirishani tukaiona wote, hata shemeji ambaye hajui kusoma picha: utumbo umetanuka, mweusi, mpana kama mkono wa koti. Daktari wa upasuaji alifika ndani ya nusu saa.

Fomu aliisaini Kasuku mwenyewe. Walimweleza atatoka na mfuko tumboni, haja itapita humo, huenda siku zote. Akauliza maswali matatu, yote ya maana, kisha akasaini jina lake kamili. Alipokuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu nilitembea pembeni yake. Hakunitazama, ila hakugeukia ukutani.

Saa kumi na moja jioni daktari wa upasuaji alitoka, barakoa shingoni. Yuko hai. Anasema utumbo ulikuwa umelainika kama karatasi iliyolowa, pahali pawili umebaki ngozi tu. Jumamosi usingefika.

Nilimfuata daktari wa wodi mpaka mlangoni kwake. Nikamuuliza kama ingejulikana mwezi wa tatu, ingekuwaje. Alifikiri kwanza. "Labda vidonge vingetosha," akasema. "Labda. Sitaki kukudanganya kwa upande wowote." Nikamshukuru.

Jumatatu, 22 Aprili

Katika kazi yetu jibu bovu halifutwi. Unalikata kwa mstari mmoja ili lisomeke, unaandika sababu, unatia sahihi. Nimekata majibu sita. Pembeni ya kila moja nimeandika: Sampuli imechelewa kwa saa tisa, jibu halifai kutumika. Nimepeleka nakala kwa mkuu wa hospitali, atasema la kufanya na mimi. Nyingine nimempelekea Mwalimu Mkuu mkononi. Alizisoma zote sita akiwa amesimama, akavua miwani, akaichana barua ya onyo mbele yangu. Aliniambia na yeye alikuwa amemwona anavyokonda. "Lakini nilikuwa na cheti," akasema.

Shemeji nimempa yake karakana. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alisema tu kwamba yeye alikuwa analala naye kitanda kimoja, hakuhitaji maabara kujua. Kisha akaendelea kupiga msasa.

Nimempigia simu mganga wa ng'ambo kumwomba radhi. Ameuliza hali ya mgonjwa kabla ya kitu kingine chochote.

Jumamosi, 27 Aprili

Jua kidogo. Kasuku amekunywa uji bakuli zima.

Alhamisi, 2 Mei

Amerudi nyumbani. Anatembea ameinama, ameshika ubavu. Shemeji amemtengenezea kiti cha kuogea chenye mahali pa kushikia, amekipima mara nne. Leo alasiri nilimsikia Kasuku akicheka uani. Mfuko ulikuwa umetoa sauti mbele ya jirani aliyekuja kumjulia hali, na Kasuku akamwambia, "Samahani, huyu mgeni wangu hana adabu, bado namfundisha." Nilikaa jikoni nikasikiliza mpaka jirani alipoondoka.

Jumatatu, 6 Mei

Daktari wa tumbo amerudi, anataka wingi wa damu wa Kasuku leo. Basi saa kumi na mbili nilikuwa mlangoni kwake na mkoba wangu begani. Nilikuwa nimepanga vizuri: nimtoe damu, niende nayo moja kwa moja, ipimwe ndani ya nusu saa, foleni au si foleni.

Alikuwa ameshavaa, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amesuka nywele. Amepata mashavu kidogo. Nikaanza kumwambia mpango wangu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikasema nililokuja nalo kwa kweli. Nikasema, "Nisamehe."

"Nimsamehe nani?" akauliza. "Dada, au mpimaji?"

"Wote wawili."

Alifikiri. Hakuwa na hasira, nilimtazama sana nione kama ana hasira. "Dada nilimsamehe pale wodini, uliposema waandike tisa. Nilikusikia, sikuwa nimelala." Akajipangusa magoti. "Mpimaji bado."

Nikamuuliza leo itakuwaje basi. Akasema mumewe atamsindikiza, watapanga foleni dirishani kama watu wengine, na ameshamwomba Mzee wa Darubini ndiye amtoe damu. Nikamwambia sawa, ni haki yako. Akasema anajua.

Nikabaki nimesimama, mikono nimeiinua mbele hewani isiguse kitu, maana nilikuwa nimeshanawa tayari kumtoa damu.